Kuachiwa Stella

Kama maandishi haya umeletewa na mtu anayekupenda, na hujapata usingizi wa maana kwa siku kadhaa, usiyasome yote leo. Soma kidogo, kunywa uji, jaribu kulala. Hayakimbii. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa siwezi kumaliza hata maneno yaliyoandikwa kwenye kanga.

Nesi wa kliniki yetu ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wanakuja wanawake wengi wenye watoto wachanga, wanakaa kwenye benchi wamenyamaza, na yeye hana maneno ya kuwapa zaidi ya yale ya kazini. Nikamwambia mimi si mtu wa kushauri watu, nina ulimi mkali. Akasema ndiyo maana ananiomba. Kwa hiyo sitaeleza dawa zinafanya nini kichwani. Hilo mwulizeni yeye. Nitaeleza niliyoyapitia, na kitu kimoja nilichokitaka muda wote huo kuliko hata kupona kwenyewe: kuachwa peke yangu na mwanangu bila mtu kutuchungulia.

Mimi ni mtu wa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa. Nimekulia kwenye mchanga, joto na dagaa. Niliolewa Namswea, juu milimani, na Osmund, Mmatengo mwenye kahawa nyingi na maneno machache. Watu wa huku wanalima ngoro. Kwa asiyejua, mlima mzima unachimbwa mashimo yaliyopangana, kila shimo limezungukwa na matuta, na mazao yanapandwa juu ya matuta hayo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, sisi wanawake tunachimba udongo katikati na kuzifunika. Mvua ikinyesha, maji hayateremki na udongo kwenda bondeni. Yanaingia mashimoni na kutulia humo. Nakuomba ulikumbuke hilo la maji.

Stella alizaliwa wakati watu wanapanda mahindi. Mwanzoni nililia tu, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe wangu, Bibi Gaudensia, alisema ni baridi. Mtu wa ziwani akizaa milimani lazima baridi imwingie mifupani. Jirani alisema nimekosa samaki, damu imepungua. Mwingine akasema najidekeza. Nilipewa supu, nikafunikwa mablanketi, nikaambiwa nijikaze, nami nikajikaza kisabuni. Usingizi ukakata kabisa. Nikawa nasikia watu wanazungumza nyuma ya nyumba, na nikitoka hakuna mtu. Halafu likaja jambo ambalo sikumwambia yeyote, kwa sababu kwangu lilikuwa wazi kama mchana: niliamini yule mtoto si wangu. Wangu alikuwa Chiwanda kwa mama. Huyu nilikuwa nimeachiwa tu kwa muda, na mwenyewe angekuja kumchukua.

Nakwambia hili kwa sababu huenda na wewe una jambo la namna hiyo kichwani sasa hivi, na unadhani ukilitamka utafungwa kamba. Litamke. Mwambie nesi. Wetu ameyasikia ya ajabu kuliko hilo na bado chakula chake cha mchana anakila chote.

Mwezi wa tatu tulikuwa shambani, wanawake wa ukoo, tunafunika nyasi. Nilisema nakwenda kumnyonyesha mtoto. Nikashuka naye mbali kidogo na wenzangu na kumlaza ndani ya shimo la ngoro, kwa sababu mle ndani hakukuwa na upepo. Mwanamke yeyote aliyezaliwa Umatengo angemlaza juu, pembeni mwa shamba, kwenye majani makavu. Hakuna mtoto anayelazwa shimoni wakati wa masika. Hilo hata wasichana wadogo wa huku wanalijua bila kufundishwa. Lakini mimi ni mtu wa mchanga. Kwetu shimo ni kivuli tu, na maji yakiingia yanapotea. Nikamwacha pale nikashika njia ya kuteremka ziwani, kumfuata mwanangu.

Mvua ikaja. Bibi Gaudensia aliona nimechelewa, akashuka kututafuta, akasikia kilio kabla hajaona kitu. Maji yalikuwa yamefika masikioni mwa mtoto. Mimi nilikutwa barabarani na vijana wa bodaboda, sina viatu, gauni limelowa mvua na maziwa, nawauliza kama gari la Mbamba Bay limeshapita.

Watu wameniuliza sana kama nilikusudia. Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa jicho tu. Nilijiuliza mwenyewe mpaka nikachoka. Namkumbuka nikiwa nimembeba, naikumbuka barabara, na katikati hapo hakuna kitu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akasikiliza, akasema huyu ni mgonjwa, apelekwe hospitali kesho asubuhi. Angeweza kusema mengine. Namwombea maisha marefu yule mzee.

Sindano ya kwanza ilinilaza. Nilipoamka, hospitalini mjini Mbinga, niliuliza mtoto yuko wapi, na Osmund akageuka kutazama dirishani.

"Yuko kwa mama," alisema.

"Mama yupi? Wa Chiwanda?"

"Mama yangu."

"Namtaka."

"Utampata," alisema, lakini hakusema lini, na mimi namjua Osmund. Akiwa na hakika ya jambo hutaja na siku.

Sasa nikueleze kuhusu benchi, kwa sababu utalikalia sana. Benchi la kliniki yetu liko mwisho wa korido, baada ya chumba cha meno. Kila anayekwenda maabara anapita hapo, na kila anayepita anajua mliokaa pale mna nini. Nilipoanza kuhudhuria kwa miguu yangu, nilibuni ujanja. Nilikuwa nashika shavu, ili wapita njia wadhani nasubiri kung'olewa jino. Nilifanya hivyo kliniki baada ya kliniki, na nikajiona mjanja kweli kweli. Siku moja mama mmoja mnene mwenye mtandio wa kijani, aliyekuwa amekaa pembeni yangu anakula kashata, aliniinamia sikioni.

"Mdogo wangu," alisema, "mwezi uliopita ulishika la kulia. Leo umeshika la kushoto. Chagua jino moja."

Nilicheka mpaka nesi akachungulia. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu nijifungue, na kilinitisha, maana nilidhani kimekufa.

Ndivyo nilivyomjua Mama Zuhura. Ana duka la vitenge pale mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara, na yeye anaongea Kiswahili kinachonifanya nione aibu kufungua mdomo. Alikuwa akija kwenye benchi lile tangu binti yake mkubwa hajaolewa, na sasa ana wajukuu. Hakuna anayedhani kwamba mtu anayempimia kitambaa na kumtania kuhusu bei anameza vidonge kila siku. Mimi pia nisingedhani. Alinipa kipande cha kashata na tukakaa pale wote wawili bila kushika shavu.

Mwili wangu ulikuwa umenigeuka. Mikono ilitetemeka, chai ilikuwa inafika mezani imebaki nusu. Ulimi ulikuwa mzito, mate yalinitoka kama mtoto anayeota meno. Nilinenepa, nguo za harusi zikawa za kumpa mtu. Nilikuwa na njaa isiyokwisha na usingizi wa mchana unaoweza kukukuta umeshika ufagio. Watu wa Namswea waliniona wakasema, "Umependeza sasa, umenawiri!" Walikuwa wanajaribu kunifariji, najua, lakini nilitamani kuwarushia ule ufagio.

Nyumbani ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa mimi. Bibi Gaudensia alikuwa amekusanya majembe, mapanga na visu vyote na kuviweka chumbani kwake chini ya kitanda. Ukitaka kumenya ndizi ilibidi umwombe. Mimi hata nikiomba sikupewa. Nilipewa maharage ya kuchambua. Nilichambua maharage mpaka nikayachukia. Stella alikuwa mgongoni kwa bibi yake kutwa nzima, anakunywa maziwa ya ng'ombe, na maziwa yangu yalikauka chini ya kitambaa nilichofungwa kifuani. Niliruhusiwa kumshika, lakini lazima pawe na mtu. Nikimshika, Bibi Gaudensia alikuwa anakaa mlangoni. Akiitwa nje alikuwa anakwenda huku anageuka. Hatua chache, anageuka. Akifika kwenye kona ya jiko, anageuka tena. Kisha anaghairi na kurudi: "Stella, njoo kwa bibi."

Sikuweza kumlaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningekuwa na mtu wa kumchukia angalau ningejua pa kupeleka hasira yangu.

Shangazi zake Osmund walimshauri aoe mwingine. Hawakunong'ona hata kunong'ona, walisema kwenye meza ya kuanikia kahawa, mimi nikiwa upande wa pili nachagua punje. Osmund hakukubali wala hakukataa. Msimu mzima alikaa na jibu lake mdomoni. Alikuwa analala chumba cha mbele, anasema ni kwa ajili ya kulinda kahawa. Jioni moja nilimfuata pale.

"Baba Stella, unaniogopa?"

Alikuwa anafunga gunia. Alimaliza kufunga kwanza.

"Naogopa," alisema.

"Unaogopa nitakuua?"

"Hapana. Naogopa kwamba siku ile ulikuwa unakula na sisi, unacheka na sisi, asubuhi ulinipikia uji. Na mimi sikuona kitu. Naogopa macho yangu mwenyewe."

Nililia, naye akakaa juu ya gunia akinitazama kulia. Hakuniambia ninyamaze. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwambie ukweli wako kama Osmund alivyoniambia. Wale waliokuwa wananichekea na kusema "wewe umeshapona, mbona uko sawa" huku wanavuta watoto wao karibu, hao ndio waliokuwa wananirudisha nyuma.

Kahawa ilipokwisha, ukoo ulikaa kikao, kile ambacho wazee bado wanakiita sengu, wakala pamoja na kunijadili. Wakaona kwamba kosa ni la milima. Mtu wa ziwani amekosa ziwa. Arudishwe akapate joto na samaki, atakuwa sawa. Walisema kwa wema kabisa. Kaka yangu Festo alikuja kunichukua, na Stella akabaki.

Chiwanda nako kikao kilikuwa kimekwisha kabla sijafika. Mama yangu alinipokea kwa kilio, akanikumbatia, akanishika mikono inayotetemeka, akasema ni baridi ile ile imeniganda ndani. "Milima imekubana, Esta. Hapa utayeyuka." Akaniketisha juani kama dagaa. Nilikula ugali wa muhogo na samaki wabichi kila siku. Na kwa kuwa mate yalinitoka na ulimi ulikuwa mzito, mama akaona dawa ndizo zinazonifanya bubu, akaziweka juu ya kabati. "Ziache kwanza, upumzike." Nami nilizichoka, kwa hiyo sikubishana.

Kwa wiki kadhaa ilikuwa raha tupu. Mate yalikauka. Niliimba kanisani. Festo aliwapigia simu Namswea kuwaambia dada amepona, na huko juu wakafurahi, wakasema si tulisema, ni ziwa. Wote walikuwa wamekubaliana, huku juu na kule chini, kwamba ugonjwa wangu ni wa mahali, na kwamba mtu akihamishwa, wenyewe unabaki huko huko. Hakuna aliyesema uongo. Walikuwa wanajua yale wanayoyajua: mbegu ya maharage ya mlimani ukiipanda mchangani inakufa. Waliona na mimi ni hivyo hivyo.

Kisha usingizi ukakata tena. Safari hii niliamini mtoto aliyezama ni Stella halisi na yule aliyeko Namswea ni mwingine, na kwamba Bibi Gaudensia ananificha kaburi. Nikashika njia ya kupanda milimani kwenda kulitafuta. Mara ya kwanza nilikuwa nateremka kumfuata mtoto ziwani, mara ya pili napanda kumfuata mlimani. Siku hizi tukikaa na Osmund tunalicheka hilo kidogo. Wakati ule hapakuwa na cha kuchekesha. Festo alinikuta mbali, nyayo zimechanika, nikampiga na jiwe begani, kaka yangu ambaye hajawahi kunigusa hata kwa kofi. Alinibeba hivyo hivyo.

Nikarudi kwenye benchi. Mama Zuhura alikuwepo. Aliponiona hakusema pole, alisogea tu kunipa nafasi.

Masika ya pili sikuyaona vizuri. Dawa ziliongezwa, na nilikuwa napita kwenye siku zangu kama mtu anayetembea ndani ya maji. Ngoro zilichimbwa bila mimi. Niliwasikia wanawake wakiimba kule mteremkoni, nami niko ukumbini na maharage yangu.

Msimu wa kahawa wa mwaka ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, na siyo kwa sababu ya wazimu. Nilikuwa nimetulia kiasi cha kuelewa kila kitu. Jumapili moja nikiwa kanisani nilihisi kifua kimelowa. Maziwa! Dawa ndizo zilizoyaleta, nesi alinieleza baadaye, hutokea. Lakini pale kanisani nilijua jambo moja tu, kwamba mwanangu alipoyahitaji yalikauka, na sasa amekua, anakula ugali, yanamwagika bure kwenye blauzi. Niliporudi nyumbani nilikwenda chooni nikajifungia. Kama wewe hilo limekupata, nenda kamwambie nesi siku hiyo hiyo, usione aibu kama mimi. Walinibadilishia dawa na yakakoma, na mikono nayo ikatulia kidogo.

Stella alikuwa ameanza kuongea. Bibi yake alimwita mama. Mimi aliniita "Mama Stella," kama alivyowasikia watu wote wakiniita. Watu walicheka, hata mimi nilicheka mbele yao. "Mama Stella, shikamoo," aliniambia kila asubuhi kwa adabu zote, halafu akakimbilia kwa bibi yake.

Nilimweleza Mama Zuhura hayo. Nilimwambia nasubiri nirudi kuwa kama zamani, yule Esta aliyeolewa, mwembamba, mcheshi, anayebeba ndoo bila kushika, na siku hiyo nitamwambia Stella mimi ndiye mama yako.

"Huyo unayemsubiri hayuko njiani, mwenzangu," alisema. "Usimwekee chakula."

Nilikasirika. Nilihama kwenda upande mwingine wa benchi. Yeye akaendelea kumenya chungwa lake.

"Mimi wangu nilimwekea chakula miaka," alisema, hata hakunitazama. "Nikawa nalala na njaa, namhifadhia yeye. Huyu mnene mwenye vidonge ndiye aliyelea watoto wangu. Huyu ndiye mwenye duka. Sasa kwa nini nimlaze nje?"

Niliondoka na hasira yangu, lakini nilipofika nyumbani nilitoa zile nguo za harusi, nikampa mke wa shemeji, na gauni moja nikalifumua nikalipanua kwa kitambaa cha kitenge kutoka kwenye duka lake. Lilinikaa vizuri. Nilijitazama kwenye kioo cha Osmund cha kunyolea, kipande kwa kipande, maana ni kidogo, na nilimwona mwanamke mnene aliyechoka ambaye hakuwa ameua mtu. Nikaona huyu naweza kukaa naye.

Sitaki nikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Mpaka leo nameza vidonge, na nitaendelea kumeza. Juzi juzi tu nilipata wiki mbaya. Usingizi ulipungua, nikaanza tena kusikiliza nyuma ya nyumba. Nilimwambia Osmund asubuhi ile ile, akaacha kila kitu akanipeleka Mbinga. Alirudi kulala chumbani kwetu zamani, ila akiamka kwanza ananitazama usoni, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika kahawa. Nimemzoea. Mke mwingine hakuja, na mashangazi wamepata mtu mwingine wa kumshauri.

Masika ya tatu, asubuhi moja, nilifungua mlango nikakuta jembe limeegemezwa ukutani. Lilikuwa jembe langu, lenye mpini nilioununua mwenyewe. Lilikuwa limenolewa. Bibi Gaudensia alikuwa jikoni anakoroga uji na hakunitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgongo wangu umekataa mwaka huu," alisema. "Kale kapande ka juu kamebaki."

Tulikwenda watatu, mimi na jembe, yeye na Stella. Nilichimba. Nilikuwa nimesahau jinsi udongo wa mteremko ule unavyotaka usimame, mguu mmoja chini, mmoja juu. Nilitoka jasho jingi, nikapumzika sana, matuta yangu yalikuwa hovyo, na Bibi Gaudensia alikuwa anayasawazisha kwa mkono nyuma yangu bila kusema. Stella alikuwa anacheza na majani. Nikaona ni leo au basi.

"Mama," nilisema, "siku ile. Ulipomkuta, alikuwa amelazwa vipi?"

Aliendelea kusawazisha.

"Ulikuwa umemfunika," alisema. "Kwa kanga yako uliyojitanda. Na kichwa ulikuwa umekiinua, umekiwekea fungu la nyasi chini. Ndiyo maana maji yaliishia masikioni."

Jembe lilinitoka mkononi. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na mimi nilikuwa na hasira." Alijifuta udongo kwenye kitenge. "Bado ninayo kidogo."

Sijui mpaka leo kilichokuwa kichwani mwangu siku ile. Labda ndiyo mapenzi yaliyokuwa yamebaki, yakafanya kazi yenyewe. Labda nilikuwa nafunika tu mtoto wa watu vizuri ili mwenyewe akija asinilaumu. Nimekubali kwamba sitajua. Nyasi zilikuwa chini ya kichwa chake, na mimi ndiye niliyeziweka, na nilimwacha. Yote hayo ni yangu na nayabeba pamoja.

Tulichimba tena kidogo. Kisha Bibi Gaudensia akachukua kidumu, akasema ana kiu, anashuka mtoni. Stella akasimama kumfuata, kama kawaida yake.

"Wewe kaa hapa na mama yako," alimwambia.

Nilitamani kumwita arudi. Kile nilichokililia muda wote ule kilikuwa kimefika, na mimi mikono inatetemeka, na sikuweza kujua ni kwa dawa au kwa woga. Mbele yetu upande wa ziwa kulikuwa na wingu. Stella alimtazama bibi yake akienda, akanitazama mimi, kisha akaruka ndani ya shimo nililolimaliza kuchimba, akachuchumaa mle akicheka.

"Toka humo," nilimwambia. "Mtoto hakai shimoni wakati wa masika."

"Kwa nini, Mama Stella?"

"Maji yanakaa humo. Njoo juu."

Aliinua mikono. Nilimshika kwapani nikamtoa, alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, nikamketisha juu ya tuta, kwenye nyasi kavu, na kumfunga kanga mabegani. Hakushuka. Alinishika gauni pale penye kiraka cha kitenge, akaendelea kulishika.

Kutoka pale njia ya mtoni inaonekana yote, mpaka chini kwenye migomba. Bibi Gaudensia alikuwa anateremka taratibu kwa ajili ya mgongo wake, kidumu mkononi. Nilisimama na mwanangu nikimtazama, nasubiri ageuke. Alipita shamba la jirani, akapita lile jiwe kubwa, akafika kwenye migomba.

Hakugeuka.